Rangi ya Rahisi na Bati Lililo Chini Yake

Juma hili napenda tutafakari kwa pamoja kitu ambacho wengi wetu hukipita bila kukitazama mara mbili, nacho ni kopo la rangi ya mafuta. Nazungumzia lile kopo la duka la vifaa vya ujenzi, linalokaa rafu moja na misumari, vitasa, bawaba na mabomba ya maji. Waliolitengeneza walikusudia lipake milango, madirisha ya chuma na mageti. Lakini sisi tunaoishi Mwenge, kama walivyo wenzetu wa Sinza, Tandika na Mbagala, twajua kwamba kopo hilo hilo hupaka pia guta la mchuuzi wa maji, mkokoteni wa muuza machungwa, bajaji iliyochakaa, na mara nyingine gari zima lenye injini na magurudumu manne.

Wapo wanaocheka waonapo gari la namna hiyo. Husema, "Lile limepakwa rangi ya mlango." Na kweli, macho yaliyozoea hayadanganyiki: brashi huacha michirizi, mng'ao wa kioo haupo, na pale fundi alipozidisha, tone la rangi limeganda likiwa bado lateremka. Lakini kicheko si hoja. Tujiulize: je, rangi ya rahisi ni aibu? Je, ni udanganyifu? Au tunailaumu rangi, ilhali anayestahili lawama ni mwingine?

Tuanze na sababu inayomfanya mtu aingie duka la ujenzi badala ya kwenda kwa fundi wa rangi za magari. Upakaji wa gari kwa utaratibu wa kisasa ni kazi ya hatua nyingi. Bodi hunyooshwa, rangi kuukuu hukwanguliwa, mabonde huzibwa, msasa hupigwa, praima hupulizwa, msasa hupigwa tena, kisha hupulizwa rangi yenyewe, na juu yake tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo huleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Panahitajika kompresa, umeme usiokatika, mahali pasipo na vumbi, na dawa ya kugandishia inayochanganywa kwa kipimo. Kila hatua ina bei yake. Kwa mtu ambaye gari lake ndilo jembe lake, na ambaye siku gari lisipotembea nyumbani kwake hapapikwi, gharama hiyo yaweza kuzidi kodi yake ya nyumba ya miezi mingi. Kwenye duka la ujenzi atapata kopo la lita nne, brashi, rola ndogo ya sponji, karatasi za msasa na chupa ya tapentaini, naye akabakiwa na nauli ya kurudia nyumbani.

Tofauti ya rangi hizi mbili yafaa kujulikana. Rangi ya mafuta hukauka kwa njia mbili zinazofuatana. Kwanza, kile kimiminika kilichoilainisha huruka hewani. Hiyo ni kazi ya saa chache. Kisha mafuta yaliyomo huanza kunywa oksijeni ya hewa na kushikamana, chembe kwa chembe, mpaka yawe ganda gumu. Kazi hii ya pili ni ya siku na majuma. Ndiyo maana mlango uliopakwa jana waweza kuguswa leo bila kuchafua kidole, lakini ukucha ukiukandamiza huacha alama. Rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kugandishia hazingoji hewa. Dawa na rangi huungana zenyewe, zikawa ngumu kwa muda mfupi, na ganda lake huvumilia petroli, jua na kuoshwa kila siku. Rangi ya mafuta hufifia mapema juani, ikawa kama chaki, na petroli ikimwagika juu yake huilainisha. Huo ndio ukweli wake, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa fedha.

Lakini ni haki pia kuutaja uzuri wake. Haitaki kompresa wala umeme. Gari likikwaruzwa, mwenye gari hurudishia mwenyewe kwa rangi iliyobaki koponi. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: dawa za kugandishia za rangi nyingi za magari zina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo zikivutwa puani zikiwa ukungu huweza kumletea fundi pumu ya kudumu. Kwa kazi hiyo fundi hupaswa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Katika gereji nyingi za mitaani kijana hujifunga kitambaa puani, akaendelea na kazi. Hivyo gari linalong'aa laweza kuwa limelipiwa kwa mapafu ya mtu, na gharama hiyo haiandikwi katika risiti. Rola haitoi ukungu ule. Tapentaini nayo si ya kuvutwa puani, lakini ukipakia nje, penye hewa, hatari yake ni ndogo zaidi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya rangi. Tumezoea kuidhania pambo, ilhali kwa chuma rangi ni nguo. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na chumvi huiharakisha safari hiyo. Dar es Salaam ni mji wa pwani. Upepo wa bahari unatuletea chumvi, masika hutuletea maji, na madimbwi ya barabara zetu za mitaani hulilowesha gari tumboni, mahali ambapo mwenye gari hachungulii. Kutu nayo ina tabia yake: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza chini ya rangi huvimba, ikainyanyua rangi kama lengelenge. Lengelenge likipasuka maji huingia, na kutu hupata nguvu mpya. Anayepaka rangi juu ya kutu hajaizuia, ameifunika tu, nayo inaendelea kula gizani. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Anayedhani brashi ni ushamba na akumbuke kwamba magari ya kwanza duniani yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kama yalivyopakwa magari ya farasi kabla yake, kwa rangi na vanishi zilizotaka majuma kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi iitwayo Duco, iliyokauka kwa muda mfupi mno ikilinganishwa na zile za kale, na kampuni ya General Motors ikaanza kuitumia katika magari yake ya Oakland. Tangu hapo bunduki ya kupulizia ikaishika nafasi ya brashi viwandani. Brashi haikuachwa kwa kuwa ilipaka vibaya. Iliachwa kwa kuwa kiwanda kilikuwa na haraka.

Nasi watu wa pwani tunao mfano mkongwe kuliko huo. Wenye vyombo vya baharini tangu kale walikipandisha chombo ufukoni, wakakisafisha uchafu wa bahari, wakakipitishia moto wa makuti ili kuwaua wadudu watoboao mbao, kisha wakakipaka deheni upande unaozama, na upande wa juu wakaupaka mafuta ya papa, ambayo kwa Kiswahili huitwa sifa. Mafuta hayo hayakuwa ya fahari, na harufu yake haikuwa ya manukato. Lakini kazi ile ilirudiwa kila baada ya miezi, na chombo kikaenda Unguja, Lamu na hata Muscat, kikarudi na watu wake. Napenda sana kwamba mafuta yale ya kunuka yana jina moja na heshima. Mtu aliyesimama ufukoni akakiona chombo kinapita aliambiwa: usione vyaelea, vimeundwa.

Na hapa hapa mjini petu, rangi ya kopo la rahisi imekwisha kutuletea heshima. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikuja Dar es Salaam kutafuta maisha. Katika miaka ya mwisho ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao wa dari, kwa rangi ya kung'aa iliyotumika kupakia baiskeli. Alitumia alichokipata dukani. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi aliyemdhania kuwa mhalifu, lakini mtindo wake ulibaki duniani na jina lake, na picha za namna hiyo zinauzwa hata hapa Mwenge, kando ya vinyago. Sijapata kumsikia mnunuzi akiuliza rangi ilinunuliwa duka gani.

Lakini hapo hapo penye vinyago pana fundisho la upande wa pili. Mpingo ni mti mzito wenye kiini cheusi. Kipande chake kikitiwa majini huzama. Si siri kwamba wapo wanaochonga mti mweupe na mwepesi, wakaupaka dawa ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Mgeni huenda zake akiwa amefurahi, mpaka siku mikono yake itakapotoka weusi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sasa tazameni, wapendwa: rangi ya baiskeli ni ya rahisi, na dawa ya viatu ni ya rahisi. Ya kwanza imesema kweli, ya pili imesema uongo. Basi bei siyo inayotenga kweli na uongo.

Mambo haya yote niliyaona yakikutana katika gari moja. Kijana wa mtaani kwetu, ambaye sitamtaja jina, alinunua kirikuu, yaani kile kigari kidogo cha mizigo ambacho wengi hukitegemea kwa kubeba viazi, mkaa, na vyombo vya watu wanaohama nyumba. Sehemu ya fedha alikuwa ameiweka mwenyewe kwa miaka. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mama yake ni mwanachama. Mama aliweka dhamana kitanda, kabati, jokofu na masufuria yake ya shughuli. Gari lilipoletwa lilikuwa la buluu, limepakwa upya, linapendeza. Majirani tukampongeza.

Baada ya masika ya kwanza rangi ilianza kutoa mapele pembeni mwa milango na chini yake. Siku moja kijana akapita akiwa na kopo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepata kazi ya kupaka milango?"

"Hapana, baba, ni la gari. Linavimba vimba. Nataka niyafute mapele kabla ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, nipate stika."

"Umekwangua?"

"Bado."

"Basi kwangua kwanza, tuone kilichomo."

Tulikaa tukakwangua, yeye kwa brashi ya waya, mimi kwa bisibisi. Pele la kwanza lilibanduka na ganda pana kama kiganja. Chini ya rangi palikuwa na lile rojo gumu la kuzibia mabonde, unene wa kidole. Chini ya rojo palikuwa na gazeti lililokunjwa na kushindiliwa. Chini ya gazeti hapakuwa na kitu. Upande wa abiria, pale miguu inapokaa, sakafu ilikuwa imekwisha liwa, na kupitia tundu lile tuliiona ardhi. Kijana aliweka bisibisi chini akaketi juu ya tairi. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Jioni akaja mjomba wake, mtu anayeheshimika, aliyewalea watoto wa dada yake baada ya baba yao kufariki. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mpwa wangu, lirudishie kama ulivyolikuta. Ziba, paka rangi, uza. Wewe nawe uliuziwa hivyo hivyo, na deni la mama yako halingoji." Naomba msimhukumu mzee huyu upesi. Alikuwa akiona vyombo vya dada yake vikitolewa nje mbele ya majirani. Ushauri wake ulitoka katika upendo, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kuukataa. Ubaya ungalikuwa unakuja kwetu na sura mbaya, nani angaliufungulia mlango?

Kijana alinigeukia. Nilimwuliza, "Gazeti lile liliwekwa na nani?"

"Na aliyeniuzia."

"Na la pili litawekwa na nani?"

Hakunijibu, wala sikumbana. Mimi sikuwa na deni la kulipa, na mtu asiye na deni huona njia iliyonyooka kwa urahisi mno. Lakini nilifikiri juu ya mnunuzi ajaye, ambaye bila shaka naye atakuwa mtoto wa mama fulani. Nilifikiri pia juu ya wale vijana wapakizi, wanaoketi upande ule wa abiria na kuweka miguu yao juu ya gazeti wasilolijua.

Aliyeamua alikuwa mama. Alipoelezwa alisema, "Vyombo vilivyowekwa dhamana ni vyangu. Kama ni kuchukuliwa, afadhali vichukuliwe nikijua kwa nini." Akaenda kikundini, akasimama mbele ya wenzake akaeleza jambo lote, pamoja na gazeti. Hapakuwa na muujiza. Walimwongezea majuma kadhaa ya kulipa, na faini akatozwa kama katiba ya kikundi inavyosema. Jokofu aliliuza mwenyewe. Fedha ile ikaenda kwa fundi wa kuchomelea, ambaye alikata chuma chote kilichooza mpaka akafika kwenye chuma kizima, akachomelea bati jipya sakafuni na vipande viwili chini ya milango.

Fundi alipomaliza, fedha ya kupuliza rangi haikuwepo tena. Lililobaki ni lile kopo la rangi ya mlango. Na sasa, wapendwa, kopo lile lilikuwa limepata kazi yake halali.

Nitaeleza jinsi ilivyofanyika, maana huenda yupo msomaji atakayeihitaji. Kutu yote iliondolewa kwa brashi ya waya na msasa namba 80, mpaka chuma kikang'aa. Sehemu zenye rangi nzima zilipigwa msasa wa maji namba 240, ili rangi mpya ipate mahali pa kushika. Alitumia maji makusudi ili vumbi lisiruke, akavaa barakoa na kuwafukuza watoto, kwa sababu rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Maji machafu yale hayakumwagwa penye mchicha. Bodi ikafutwa kwa kitambaa chenye tapentaini ili kuondoa mafuta na alama za vidole. Chuma kilicho wazi kilipakwa praima ya kuzuia kutu, ile ya rangi ya udongo mwekundu, mara mbili, ndani na nje.

Kisha rangi yenyewe. Aliilainisha kwa tapentaini mpaka ikateremka kwa wepesi kutoka kwenye kijiti, akaipaka kwa rola ya sponji, nyembamba mno, hata tabaka la kwanza likaonekana kama aibu, maana rangi ya chini ilikuwa bado inaonekana. Hapo ndipo wengi huharibu: huona haya, wakaongeza rangi nzito, nayo ikachuruzika. Yeye alingoja. Alipaka asubuhi, kabla upepo wa vumbi haujaamka, akaacha siku nzima kabla ya tabaka lililofuata, na baada ya kila matabaka mawili akapitisha msasa wa maji namba 400. Alipaka matabaka matano. Vile vitundu vilivyo chini ya milango, ambavyo kazi yake ni kutoa maji ya mvua, alivizibua kwa waya na kuhakikisha rangi haivizibi; maana mlango wa gari huoza pale maji yanapoingia yasipate pa kutokea. Rangi ilibaki ya buluu, kwa kuwa kadi ya gari hutaja rangi, na anayeibadili hupaswa kuijulisha Mamlaka ya Mapato. Mwisho akaliacha gari juma zima bila kulipakia mzigo, ingawa kila siku ya juma lile ilikuwa siku isiyo na chakula cha uhakika.

Likoje sasa? Kwa mbali linapendeza. Kwa karibu lina vijipele kama ganda la chungwa, na karibu na taa ya nyuma pana unywele wa brashi ulioganda milele. Wenzake kijiweni walimcheka: "Kaka, hii si rangi ya mlango?" Naye hujibu bila kukasirika, "Ndiyo, ni ya mlango. Chungulia chini." Nami nimeona wapo waliochungulia wakanyamaza, na mmoja akamwuliza jina la fundi wa kuchomelea.

Nimelitafakari sana jibu lile. Nadhani linatufundisha kwamba rangi ni kauli. Kila gari linalopita mbele yetu linatuambia neno kwa rangi yake. Tazameni daladala zetu. Tangu mwaka 1983, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini hapa, mamilioni ya safari zimefanyika kwa kuliamini gari ambalo abiria hakupata kulikagua. Ule mkanda wa rangi ubavuni hutaja njia, na bibi asiyejua kusoma huutambua akiwa ng'ambo ya barabara. Kituo cha daladala cha hapa Mwenge kilipohamishiwa Makumbusho mwaka 2014, magari mengi yaliandikwa upya, ili neno la ubavuni lilingane na safari. Mkanda ukisema njia moja na gari likaenda nyingine, abiria hugomba, na ni haki yake. Lakini je, lile neno jingine, neno lisemwalo na rangi mpya juu ya sakafu iliyooza, neno lisemalo, "Panda, ni salama," abiria atamgombea nani? Halisikiki mpaka siku ya ajali.

Ndiyo maana siafiki kwamba jambo hili ni la wakaguzi peke yao. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliyochukua kazi za SUMATRA mwaka 2019, ina sheria zake, na askari wa usalama barabarani wana stika zao. Lakini mkaguzi huona gari kwa dakika chache, na rangi mpya ina ulimi mtamu. Mwenye gari huliona kila siku. Yeye ndiye ajuaye lilipo gazeti.

Kwa msomaji anayekwenda kununua gari kuukuu, nampa shauri dogo lisilo na gharama: achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa ili isikwaruze, aipitishe taratibu chini ya milango, juu ya matairi na pembeni mwa sakafu. Penye bati la chuma itashika. Palipojazwa rojo au gazeti itaachia. Ainue zulia la sakafuni. Alale chini atazame tumbo la gari kabla ya kusifia uso wake. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Akichukia, hilo nalo ni jibu.

Na kwa kila mmoja wetu, mwenye gari na asiye nalo, nina neno moja zaidi. Maandiko yanataja upakaji wa namna mbili. Yako makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje. Tena iko safina ya Nuhu, iliyopakwa lami ndani na nje, wala hatusomi popote kwamba ilipendeza. Tunasoma kwamba ilielea. Chokaa ni ya rahisi, na lami haikuwa ya anasa. Kilichopambanua ni kwamba moja ilificha kilichomo, nyingine iliwekwa ili watu wasizame.

Basi tusiwadharau wanaopaka kwa brashi. Maskini ana haki ya kulinda kilicho chake kwa alichonacho, na nyumba nyingi, ndoa nyingi, hata jumuiya nyingi zimesimama kwa rangi ya rahisi iliyopakwa kwa uangalifu na kurudiwa kila inapochujuka. Tuogope tu ile haraka ya kupaka kabla ya kukwangua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba ufa huzibwa kwa chuma, na rangi hufuata. Juma hili kila mmoja na achukue bisibisi yake, atafute pele moja katika maisha yake ambalo amekuwa akilipaka mwaka hata mwaka, alikwangue, atazame kilichomo. Huenda atakuta chuma kizima, akashukuru. Huenda atakuta gazeti. Hata hivyo ni heri kulikuta mwenyewe, mchana, gari likiwa limesimama.